Daftari la Jumamosi: ndege wa Saanane na mwaloni, Novemba 2024 hadi Mei 2025

Jumamosi, 2 Novemba 2024

Tumeanza kuhesabu ndege wa Ziwa Victoria hapa Mwanza. Tumejitokeza tisa: wanafunzi wanne wa chuo, waendesha bodaboda wawili, binti wa mvuvi kutoka mwalo tutakaoutumia (ufukwe wanaposhushia samaki), mstaafu aliyefundisha baiolojia kwa miaka mingi ambaye sote tunamwita Mwalimu, na mimi ninayeshona nguo Igogo. Tuna darubini tatu, kitabu kimoja cha ndege, na daftari hili la kurasa 96 nililokabidhiwa nilitunze. Hakuna anayelipwa. Nauli kila mtu anajitegemea, mafuta ya boti tunachangishana.

Kabla ya kupanda, Mwalimu aligawa jaketi okozi mwenyewe na kukagua kamba za kila mmoja. Mwanza inaikumbuka MV Bukoba, meli iliyozama Mei 1996, na yeye alikuwa miongoni mwa waliosimama ufukweni wakisubiri majina. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya daftari hili ni hiyo: bila jaketi hakuna mtumbwi, hata ziwa likiwa limelala.

Vituo ni vinne: miamba ya kisiwa cha Saanane, ufukwe wa Capri Point, mdomo wa Mto Mirongo, na mwalo mmoja upande wa Luchelele. Tutahesabu kila Jumamosi ya kwanza na ya tatu ya mwezi, vituo vilevile, asubuhi ileile.

Njiani kwenda Saanane Mwalimu aliwaambia vijana kisiwa kimechukua jina la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akivua na kulima pale. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwalimu aliletwa na baba yake akiwa darasa la pili, akawaona wanyama vizimbani, na mpaka leo anakumbuka harufu. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja 2013. Eneo lote, maji yanayokizunguka yakiwemo, ni kilomita za mraba 2.18. Wengine wanauona udogo huo ni kasoro. Mimi nauona ni bahati, kwa sababu tukiamua kukijua jiwe kwa jiwe, tutakijua.

Siku ya kwanza tumeandika: minandi juu ya miamba, mabawa wazi kama nguo kwenye kamba, kwazi wawili, wale tai wala samaki, kwenye mti mkavu, fundichuma mmoja, mwewe wengi, chozi kwenye maua karibu na gati. Kijana mmoja aliuliza kwa nini mnandi anajianika na bata hajianiki. Manyoya ya mnandi hayazuii maji kama ya bata. Maji yanaingia, naye anazama kirahisi kufuata samaki, lakini akitoka lazima akauke. Tulikaa pale mpaka wa kwanza akafunga mabawa.

Pimbi na mijusi hawamo kwenye orodha, ila siwezi kuacha kumtaja mjusi wa miambani, yule dume mwenye kichwa na mabega ya waridi na mwili wa buluu. Jina lake la kisayansi ni *Agama mwanzae*. Mji wetu umo ndani ya jina la kiumbe, na watoto wengi wa mji huu wanamrushia mawe bila kujua.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo tumegombana kwa ajili ya ndege weupe.

Pale Capri Point mmoja alitaja 63, mwingine 48, na wote wawili walikuwa wameangalia ufukwe uleule kwa dakika kumi zilezile. Tuliwahoji mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa amelihesabu mara mbili kundi lililozunguka rasi na kurudi. Wa pili alikuwa ameruka weupe wote wenye vichwa vyeusi, akidhani si wetu.

Tukakaa chini na kitabu. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi na miguu myeusi, lakini vidole vyake ni vya njano, kana kwamba amekanyaga kiini cha yai. Yangeyange wa ng'ombe ana mdomo mfupi wa njano na shingo fupi. Yangeyange mkubwa shingo yake ina pindo kali katikati, utadhani imevunjika ikaungwa. Mwenye kichwa cheusi kisicho na manyoya na mdomo uliopinda kama mundu si yangeyange hata kidogo, ni kwarara. Baada ya hapo tuliwatazama upya na kila mtu alishangaa ni vipi aliwahi kuwachanganya.

Mmoja wetu akapendekeza tuchukue namba ya katikati, 55, yaishe. Mwalimu alikataa kabisa. Alisema namba hiyo hakuna aliyeiona. Kwa hiyo leo safu ya ndege weupe wa Capri Point iko wazi, na itabaki wazi.

Kuanzia sasa anayehesabu haandiki na anayeandika haangalii. Ndege anayerudi kutoka upande tuliokwisha kuuhesabu haingii tena.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Kituo kimoja tu, Mirongo, tukiwa tumejibanza chini ya paa la kibanda. Marabu kumi na wanne wamesimama kwenye taka bila kujikuna, mfuko shingoni unaning'inia, maji yanawachuruzika kiparani. Mto ulikuwa umeleta chupa za plastiki nyingi kuliko maji. Tumerudi saa tatu.

Jumamosi, 21 Desemba

Leo nimejifunza jambo mwaloni na nataka kuliandika lote.

Tulipofika, akina mama walikuwa wakimwaga dagaa juu ya chanja. Binti wa mvuvi alitangulia kusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," wakaitikia vizuri. Mimi nilipotoa darubini, mama mmoja akaacha kazi.

"Nyie ndio watu wa ndege?"

"Ndiyo, mama. Tunawahesabu."

"Basi mkimaliza kuwahesabu muwachukue. Hao wanakula mtaji wangu."

Hakuwa anatania. Mwalimu akaomba kiti, akaketi kando ya chanja yake, akasema tuhesabu hapohapo, tuone wanachukua nini. Kwa saa nzima tuliandika kila ndege aliyeshuka: kunguru, mwewe, yangeyange wawili, fundichuma aliyekuja kwa miguu kama mteja. Kunguru ndiye mwizi mkuu, kwani anarudi kila dakika na anamwaga kuliko anachobeba. Mwewe anachukua mara moja na kwenda zake. Mama alipoona tunaandika hasara yake kwa uzito uleule tunaoandikia ndege, akalegeza uso na kuanza kutusahihisha.

Chanja yake alikuwa ameifunika kwa kipande cha wavu mkuukuu wenye matundu makubwa, uliotupwa tu juu bila kukazwa. Pembeni ulining'inia mguu wa kunguru, mkavu, umekatika kwenye uzi. Nilimuuliza kama wanakufa wengi humo.

"Wanakufa. Mwezi uliopita alinasa mwewe, nikamkata kwa kisu akaruka na uzi wake." Kisha akaongeza, kwa upole kabisa: "Mwanangu, mimi sifurahii. Ila Januari shule zinafunguliwa."

Sikuwa na jibu na sikulitafuta. Nimeandika kichwani: wavu, matundu, kukaza.

Jumamosi, 4 Januari 2025

Maji yalikuwa yametulia kama mafuta. Upande wa nyuma wa Saanane, askari wa hifadhi aliyekuwa nasi akaonyesha kidole: kitu cheusi kinapigapiga kwenye ufa wa mwamba, usawa wa maji.

Alikuwa mnandi mdogo, yule mwenye mkia mrefu. Wavu wa timba, ule wa uzi mwembamba wa plastiki, ulikuwa umemshika bawa la kushoto na shingo, na upande mwingine wa wavu umekwama chini ya jiwe. Kila wimbi likija lilimzamisha nusu, na likirudi alivutwa shingo.

Askari alishuka, maji yakamfika kiunoni. Mimi nilikuwa na khanga, nikamrushia, akamfunika ndege kichwa, naye akatulia palepale. Akamleta juu ya mwamba. Nikapewa kazi ya kushika mdomo kupitia khanga, kwa sababu ncha yake imepinda kama ndoano na inachana kidole. Binti wa mvuvi alitaka kuvuta uzi, Mwalimu akamzuia: unakatwa, hauvutwi, ukiuvuta unaingia nyamani. Nilitoa mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, ninaotembea nao siku zote kwenye pochi. Nilikata nyuzi ishirini na kitu, moja baada ya nyingine. Uzi wa timba ukiwa mkavu unaung'amua kwa mng'ao wake, lakini ukilowa hauuoni hata ukiwa umeushika. Nilikuwa naukuta kwa kucha.

Khanga ilipoteleza nikaliona jicho lake, jekundu kama mbegu ya mtipitipi, halipepesi. Nilisikia moyo wake kwenye kiganja changu, unakwenda kasi kuliko cherehani.

Bawa halikuwa limevunjika. Manyoya matatu yalikuwa yameng'oka na shingoni palikuwa na mstari wa damu. Askari alimkagua, akamweka juu ya jiwe, tukarudi nyuma hatua kumi. Alikaa dakika ishirini akiwa amekunja mabawa. Kisha akayafungua, la kushoto chini kidogo ya la kulia, akaanza kujianika. Hapo ndipo mmoja wa vijana wa bodaboda alipoketi akajifuta uso kwa fulana.

Kwenye ufa uleule tulikuta mabaki ya mnandi mwingine, mifupa na manyoya, bado ndani ya wavu.

Tulipofika mwaloni tulimweleza baba yake binti. Ni mvuvi wa miaka mingi na hakuanza kwa kujitetea. Alitueleza nyavu zinavyopotea. Nyingine dhoruba inazikata. Nyingine zinazolewa na gugu maji, yale matandiko makubwa yanayosukumwa na upepo, yakipita juu ya wavu yanaondoka nao. Na wapo wanaoona boti ya doria wakakata kamba na kukimbia, kwa kuwa timba imepigwa marufuku. "Wavu wa zamani wa pamba ukipotea, mwaka haujaisha umeoza," alisema. "Huu wa leo unaendelea kuvua bila mwenyewe. Unavua samaki, samaki anaita ndege, ndege anaingia." Nimeyaandika maneno yake jinsi yalivyo, maana ndiyo maelezo bora ya jambo hili niliyowahi kusikia.

Jumamosi, 18 Januari

Mwezi huu nchi nyingi zinahesabu ndege wa majini kwa wakati mmoja. Kazi hiyo ya kimataifa ilianza 1967, na nilipenda vijana walijue hilo kabla ya kushika kalamu: kuna mtu mahali pengine, kwenye baridi, anafanya hivihivi wiki hii.

Wageni wa kaskazini wamejaa. Mbayuwayu juu ya wingu la wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi wa tanuri. Buabua wakipita chini chini juu ya maji. Kwenye mawe ya Capri Point kitwitwi mmoja anayetikisa mkia kila hatua. Kitabu kinasema aina hiyo huzaliana Ulaya na Asia. Mwanafunzi mmoja alimwangalia kwa muda mrefu, akasema, "Na mimi nilikuwa nampita kila siku nikienda kazini."

Tumeongeza safu mpya kwenye daftari. Baada ya aina na idadi, sasa kuna "nyavu": mahali, urefu kwa kukadiria, kuna ndege au hakuna. Leo tumeandika sehemu saba, tatu kati yake Saanane.

Jumamosi, 1 Februari

Ofisi moja ya mjini ilituahidi darubini mbili tangu Oktoba. Leo wametuambia tuandike barua upya. Tumeandika. Kuhesabu kumekwenda vizuri na darubini zetu tatu.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya kuopoa nyavu. Hatukuhesabu ndege asubuhi hii, na tulikubaliana hivyo kwa kura, sita dhidi ya watatu. Mimi nilikuwa kati ya watatu. Niliogopa pengo kwenye daftari. Sasa nimeshaona kilichotoka majini na nimebadili mawazo.

Tulikuwa na mitumbwi miwili ya wavuvi pamoja na boti ya hifadhi, na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, walikuja wenyewe. Waliozama ni vijana wa mwaloni, wanaoujua mwamba kwa nyayo. Sisi tulibaki juu kuvuta, kukata na kutenganisha. Wavu ukikaa miezi majini unaota ukungu wa kijani na kuwa mzito kama maiti ya blanketi. Ndani yake tulikuta sato wadogo wameoza, kaa, kenge mmoja aliyekufa, minandi wanne waliokufa, na mmoja hai ambaye mkasi wangu ulimfungua kwa dakika chache. Nimeanza kuzoea. Nimegundua shingo ndiyo inayoanza, bawa baadaye, kwa sababu akipumua vizuri anaacha kupigana.

Magunia matano, yamekabidhiwa kwa askari wa hifadhi na BMU mbele yetu sote, yakaandikwa. Mzee mmoja wa BMU alikataa tufiche yametoka mwalo gani. "Andika," alisema, "sisi si watoto."

Jumamosi, 1 Machi

Kwenye nyufa tatu za Saanane tulizosafisha, hakuna wavu mpya. Minandi 44 juu ya miamba.

Mwaloni tumemaliza suala la chanja, angalau kwa akina mama sita. Kipimo ni kidole: ukiweza kukipitisha kwenye tundu, wavu huo utanasa. Tumeshona vifuniko kwa chandarua kizito chenye matundu madogo, mimi nikipiga cherehani na binti wa mvuvi akipima. Kila upande umewekewa upindo wa kupitisha fito, ili kitambaa kikazwe kama ngoma na kisiguse dagaa. Ndege akitua juu anateleza, hanasi. Yule mama wa Desemba alikibonyeza kwa kiganja mara tatu, akauliza bei. Nikamwambia hiki ni cha majaribio, atulipe kwa kutuambia ukweli baada ya mwezi.

Jumamosi, 15 Machi

Jozi ya mdiria, wale weusi kwa weupe, imechimba tundu kwenye ukingo wa udongo nyuma ya mwalo. Kuwatofautisha ni rahisi ukijua: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja uliokatika katikati. Tulipokaa zaidi tuliona dume wa pili akileta dagaa tunduni, na hakufukuzwa.

Mwalimu aliifahamu habari hiyo. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza mdiria hawa kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha, akaandika matokeo yake miaka ya 1980. Jozi hupata wasaidizi, wengine ni watoto wao wa msimu uliopita, wengine ni madume wasio na undugu wowote nao. Hapa kwetu, ambako kuvua ni kugumu kuliko Naivasha, jozi huwapokea zaidi hao wasio ndugu. Nimesoma habari za ndege wa nchi za mbali maisha yangu yote, na hii, iliyofanyika kwenye maji ninayonywa, sikuwahi kuisikia mpaka leo.

Shida ni kwamba ukingo huohuo unachimbwa udongo wa kufyatulia tofali. Tumezungumza na vijana wanaochimba. Wamekubali kuhamia hatua thelathini kusini mpaka makinda yatoke. Wameweka jiwe lao wenyewe kuwa mpaka.

Jumamosi, 5 Aprili

Masika. Mbayuwayu wamebaki wachache, kitwitwi wa Capri Point hayupo. Jiwe la mpaka liko palepale.

Mama wa chanja ametoa taarifa kama tulivyokubaliana. Hakuna ndege aliyenasa. Kunguru bado wanaiba pembeni wakati wa kufunua. Na dagaa wanachelewa kukauka siku za mawingu, kwa sababu kitambaa kinazuia upepo. Hilo la mwisho sikulitegemea na ni kosa la kitambaa nilichochagua. Nitajaribu chenye uzi mwembamba kidogo.

Jumamosi, 10 Mei

Si zamu yetu ya kawaida, ila ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, na pia siku ambayo watu wa eBird, ile programu ya Chuo Kikuu cha Cornell, wanahesabu dunia nzima. Huku kwetu Mei wahamaji wengi wameshakwenda zao. Siku yetu hasa ni ya Oktoba, wanapofika. Tulitoka hivyohivyo na kutuma orodha za vituo vyote vinne, kwa bando la kijana wa bodaboda.

Makinda ya mdiria yametoka. Tuliyaona matatu kwenye kamba ya mtumbwi, yakipanga mstari, na mmoja wa wale wachimba udongo ndiye aliyetuonyesha, akiwa ameyatazama tangu alfajiri.

Saanane, upande wa nyuma, ufa wa kwanza: kipande kipya cha timba, kama hatua nne, hakina ndege. Kimekatwa na kutolewa.

Jumamosi, 17 Mei

Vituo vinne vyote, watu kumi na watatu. Darubini bado tatu. Ndege weupe wa Capri Point: yangeyange mdogo 19, mkubwa 6, kwarara 11, wahesabuji wawili, namba moja.

Fundichuma wameanza kujenga kwenye mti wa mwaloni, juu kabisa ya chanja ya yule mama. Wanabeba vijiti, matambara, na leo nimemwona mmoja akipanda na utepe wa kitambaa changu cha chandarua. Mama amesema waachwe.

Kwa zamu ya 7 Juni: vifuniko viwili vya kitambaa kipya vipelekwe, mafuta ya boti yachangwe kabla ya Ijumaa, na mkasi wangu uko kwa fundi Igogo unanolewa, nitaupitia mwenyewe.